Upinde wa jadi au wa kapi: upi ukufae hapa visiwani

Swali huja kwa sura ile ile kila mara: upi una nguvu zaidi? Jawabu lake ni jepesi na halimsaidii mtu. Upinde wa kapi una nguvu zaidi, mshale wake unakwenda kasi zaidi, na anayeanza huuzowea mapema zaidi. Lakini anayeishi Makunduchi au Micheweni ana maswali mawili ya kujiuliza kabla hajatoa pesa: atapiga kutoka masafa gani, na upinde ukiharibika atautengeneza nani?

Majina kwanza, tusije tukapishana. Wazee wakisema uta, wingi wake mata. Siku hizi wengi wetu tunasema upinde. Ninaposema upinde wa jadi nakusudia wowote wenye mshiko, mikono miwili (yaani vile vipande vinavyopinda juu na chini ya mshiko) na uzi mmoja, basi: uwe mti mtupu kama mkole, au mbao zilizogandishwa pamoja na faiba, uwe mrefu ulionyooka, au mfupi ambao ncha zake zimepinduka mbele. Upinde wa kapi ni ule wenye kapi kwenye ncha za mikono na kebo zinazopishana katikati. Aliyeubuni ni Holless Wilbur Allen wa Missouri, Marekani, aliyeomba hataza mwaka 1966 na kuipata 1969. Anayejua kapi za jahazi ameshaelewa nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kwamba kapi hizi si duara na egemeo lake haliko katikati, kwa hiyo uzito unaouvuta hubadilika njiani: mzito katikati ya mvuto, kisha unalegea ghafla mwishoni. Upinde wa ratili 60 wenye ulegevu wa asilimia 80 unakubakishia ratili 12 tu vidoleni ukishavuta mpaka mwisho. Wa jadi ni kinyume chake, kila inchi inaongeza ratili mbili hadi tatu, na pale mwisho ndipo unapouma.

Halafu kibali. Kuwinda Zanzibar kumo ndani ya Sheria ya Misitu Namba 10 ya 1996, na hakuna upinde unaomwondolea mtu haja ya kwenda ofisi ya misitu kuuliza mnyama gani, wapi, wakati gani na kwa silaha gani. Paa nunga asiguswe kabisa. Nje ya visiwa vyetu amebaki katika misitu michache tu ya pwani ya Kenya. Kima punju naye asiguswe. Kama huwezi kutofautisha paa na paa nunga katika mwanga hafifu wa kichakani, shabaha yako iwe gunia la makumbi ya nazi.

Na jambo moja ambalo watu hulisahau: usasi wetu wa mbwa na mikuki hauendi na upinde wa aina yoyote. Mnyama anatoka mbio, mbwa wako nyuma yake, watu wamezunguka kichaka pande zote. Mshale ukikosa hapo haujui nani mwenzako. Upinde ni silaha ya kuotea: umekaa kimya pembeni mwa shamba la mihogo, upepo unakupiga usoni, unamsubiri nguruwe aje mwenyewe. Kila nitakalolisema hapa chini ni la kuotea.

Masafa

Hesabu kidogo. Upinde wa jadi wa ratili 45 unautupa mshale wa gramu 29 kwa kasi ya mita 52 hivi kwa sekunde, nishati yake kama jouli 39. Wa kapi wa ratili 55 unautupa mshale wa gramu 26 kwa mita 82 kwa sekunde, na hiyo ni jouli 87, zaidi ya mara mbili. Watu husoma tarakimu hizi wakakimbilia kununua kapi. Lakini jouli 39 nyuma ya chembe, yaani ncha ya chuma ya mshale, chenye makali ya kweli zinapenya mbavu za nguruwe kwa mita 15. Kasi inakusaidia zaidi mahali pengine, nako ni kwenye kukosea makadirio.

Umedhani mnyama yuko mita 25, kumbe yuko 30. Mshale wa jadi utapiga sentimita 27 hivi chini ya ulipokusudia. Wa kapi, sentimita 11. Sehemu ya kufisha ya nguruwe ni kama upana wa kisahani cha chai, na ya mnyama mwenye umbo la paa haizidi kiganja. Kwa hiyo kwa mita 30, mwenye upinde wa jadi aliyekosea kukadiria ama amepiga chini kabisa ama amevunja mguu, na mnyama aliyevunjika mguu anakwenda kufia mbali. Sasa rudi karibu: umedhani mita 12, kumbe 15. Wa jadi anakosea kwa sentimita 8, wa kapi kwa 3. Kwa nguruwe, wa kapi bado yumo ndani ya kisahani, na wa jadi yuko ukingoni mwake.

Hapo ndipo ardhi yetu inapoamua. Vichaka vya maweni vya kusini na mashariki ya Unguja havikuonyeshi mnyama kwa mita 30. Unamwona kwa 10, kwa 15 ukibahatika uchochoro. Faida kubwa ya kapi, ambayo ni masafa, huku unailipia pesa bila ya kuitumia. Pembeni mwa mashamba ya wazi hesabu ni nyingine, ila hata huko unaweza kuchagua mahali pa kukaa na ukapima kwa hatua mapema: weka jiwe kwenye mita 10 na jengine kwenye 15, na anayepita nje ya mawe hayo muache apite.

Kuna faida nyengine ya kapi isiyohusiana na masafa. Mnyama akisimama nyuma ya mti wakati umeshavuta, ratili 12 unaweza kuzishikilia nusu dakika na zaidi. Ratili 45 utazishikilia sekunde tatu au nne kabla mkono haujaanza kutetemeka. Mwenye upinde wa jadi lazima ajue kusubiri kabla ya kuvuta, na kuvuta ni kujitikisa, na kujitikisa ni kuonekana.

Kinyume chake ni giza. Upinde wa kapi unalengwa kwa kuchungulia tundu dogo lililofumwa ndani ya uzi, kisha pini iliyoko mbele. Tundu la inchi moja ya nane ni zuri mchana. Jua likishazama, na ndio saa nguruwe anatoka, ndani ya tundu hilo huoni kitu isipokuwa weusi. Badilisha uweke la robo inchi, utapata dakika kadhaa zaidi. Mwenye upinde wa jadi hana tundu. Akimwona mnyama kwa macho mawili, anaweza kupiga. Mwanga usipotosha kuona mguu wa mbele uko wapi, asipige yeyote.

Sauti nayo. Mlio wa uzi unamfikia mnyama aliye mita 15 kabla ya mshale wa jadi kwa robo sekunde kamili, na paa anaichukulia robo sekunde kuwa wakati mrefu. Funga vishada viwili vya uzi wa sufi kwenye uzi wa upinde, kila kimoja karibu na robo ya urefu kutoka ncha. Vinapunguza mlio kwa kupoteza mwendo kidogo sana.

Urefu

Ndani ya kichaka urefu ni jambo la kila dakika. Upinde mrefu ulionyooka una inchi 66 hadi 68, karibu kimo cha mtu, na ukipiga umechutama ncha ya chini inagonga ardhi au ya juu inanasa tawi. Ncha ikigusa kitu wakati wa kufyatua, mshale unakwenda kokote. Wenye ncha zilizopinduka unapatikana kwa inchi 58 au 60, na huo ndio ninaouona unafaa. Ukiufupisha zaidi ya hapo na una mikono mirefu, uzi unakunja pembe kali na kubana vidole. Wa kapi, kutoka kapi hadi kapi, ni inchi 30 hadi 33. Mfupi, naam, lakini pamoja na pini na vikorokoro vyake unakaribia kilo mbili na nusu, na wa jadi mara nyingi hauzidi kilo moja.

Kuupima mwili wako

Nyosha mikono pande mbili ukutani, mwenzako apime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi cha pili, kisha gawa kwa 2.5. Upana wa sentimita 170 unatoa 68, sawa na inchi 27 kasoro kidogo. Hiyo ni inchi yako ya mvuto, yaani urefu unaouvuta upinde mpaka mwisho. Upinde wa kapi unasimama kwenye inchi uliyopangiwa na hauendi mbele: ukinunua wa inchi 29 nawe ni wa 27, utalenga huku umejipinda mgongo na uzi utakuchuna mkono. Kuna kapi ambazo inchi hubadilishwa kwa kusogeza kibati kwa spana ndogo ya pembe sita, na kuna zinazotaka kibati kipya cha kuagizwa. Uliza hilo kabla ya bei.

Wa jadi huandikwa uzito wake kwa inchi 28. Ukivuta 27, ulioandikwa ratili 45 kwako ni 42 au 43. Usiamini maandishi pekee, khasa kwa upinde wa mti mtupu. Chukua mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki, tia ndoano kwenye uzi, vuta mpaka inchi yako, soma kilo, zidisha kwa 2.2. Kilo 20 ni ratili 44. Majimbo kadhaa ya Marekani yameweka ratili 40 kuwa kima cha chini kwa kulungu, na ni kipimo cha kuheshimiwa hata huku.

Lakini usianzie hapo. Kosa la vijana wenye misuli ni kununua upinde wa jadi wa ratili 50 siku ya kwanza. Hawaufikishi shavuni, wanafyatua nusu njia, na mkono wao ulioshika upinde unaanguka kabla mshale haujatoka. Anza na 25 au 30 miezi mitatu, mishale 30 kwa siku, si 100. Misuli ikichoka unajifunza makosa. Wa kapi hausamehe yote, ila kwa wiki sita za mazoezi mtu makini huwa anaweka mishale yake pamoja kwa mita 20. Kama huna nafasi ya kupiga karibu kila siku, nakwambia waziwazi: upinde wa jadi si wako, na utawatesa wanyama.

Kipimo cha kuwa tayari ni kimoja kwa pinde zote. Kila siku, kutoka masafa yale yale, piga mshale mmoja tu, wa kwanza, mwili haujapata moto, kwenye kisahani kilichochorwa katika gunia. Siku kumi, mishale kumi. Tisa ikiingia, hayo ndiyo masafa yako. Gunia lijaze makumbi na matambara, ulishindilie mpaka lisibonyee kwa goti, na nyuma yake pawe na tuta la mchanga na si njia ya watu.

Mshale, ambao watu huununua mwisho

Mshale una namba ya ugumu: 400, 500, 600. Namba inatokana na kiasi unavyopinda ukining'inizwa uzito wa gramu 880 katikati ya nafasi ya inchi 28, kwa hiyo namba ndogo ndiyo ngumu zaidi. Kwa upinde wa jadi hili ni kubwa kuliko upinde wenyewe, kwa sababu mshale hautoki umenyooka. Unajipinda ukauzunguka mshiko, kisha unajinyoosha hewani. Ukiwa laini mno, kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, unakwenda kulia. Ukiwa mgumu mno, kushoto. Kabla hujajilaumu kwa shabaha mbaya, piga mishale mitatu isiyo na manyoya kwa mita 10 uone inaelekea wapi. Kwa ratili 42 na inchi 27, anza na 600 ya kaboni usiikate. Ikionyesha ulaini, kata robo inchi, piga tena. Kwa kapi ya ratili 55 ni baina ya 400 na 500.

Uzito: kwa jadi, greni 8 hadi 10 kwa kila ratili (gramu moja ni greni 15.4), kwa hiyo ratili 45 zinataka mshale wa gramu 23 hadi 29. Kwa kapi usishuke kamwe chini ya greni 5 kwa ratili. Mshale mwepesi kupita kiasi ni kama kufyatua bure, bila ya mshale, na kufyatua bure ndiko kunakoua pinde. Nishati isiyochukuliwa na mshale inarudi mikononi mwa upinde: uzi unaruka nje ya kapi, kapi inapinda, mkono unapasuka. Aghalabu hufanywa na rafiki aliyesema "hebu nione", akavuta, akaachia. Upinde usikae uzi umevishwa mbele ya wageni.

Mawe yetu yanakula mishale. Wa alumini unapinda na utauona. Wa kaboni unapasuka kwa ndani na hutouona. Kila ukiuokota, ushike ncha mbili, upinde kidogo karibu na sikio huku unauzungusha. Ukisikia ukakasi kama wa mchele mkavu, uvunje hapo hapo, kwa sababu mshale uliopasuka unaweza kukatika wakati wa kufyatua na vijiti vyake vikaingia kwenye mkono ulioshika upinde.

Chembe: kwa jadi tumia chenye mabapa mawili yasiyokunjuka. Vyembe vinavyofunguka vikigusa ngozi vinakula nishati katika kujifungua, na jouli 39 hazina ziada ya kugawa. Noa kwa kinoo mpaka kinyoe malaika za mkono bila ya kushindilia, kisha pakaza mafuta ya cherehani, la sivyo chumvi ya hewa itakuwa imeanza kazi asubuhi. Makali haya yana hukumu pia kwa mnyama wa kuliwa. Katika hadithi ya Adiy bin Hatim, kilichouliwa kwa ncha inayopenya kinaliwa, na kilichouliwa kwa ubavu wa chombo ni cha kupigwa na hakiliwi. Mtaje Mwenyezi Mungu unapofyatua, ukimkuta yu hai mchinje, na ukimkuta amezama majini muache.

Kwa nguruwe, ambaye anapigwa kwa kulinda mihogo tu, jua kwamba moyo wake uko chini na mbele zaidi kuliko wa paa. Lenga mara tu nyuma ya mguu wa mbele, theluthi ya chini ya mwili, akiwa amekupa ubavu. Kisha kaa nusu saa. Kumfuata mara moja ndani ya kichaka ni kumfukuza aende mbali zaidi, au kumkuta amekugeukia.

Chumvi na fundi

Upinde wa jadi unaotaka kuuhudumia visiwani unahitaji uzi wa akiba, nta ya nyuki na mahali pakavu. Vua uzi ukimaliza. Uvishe na uuvue kwa kamba maalumu inayoshika ncha zote mbili, si kwa kuukanyaga baina ya miguu, kwani hivyo ndivyo mkono unavyojipinda upande. Ulaze juu ya misumari miwili ya mbao, usiuegemeze pembeni. Usiuache ndani ya gari juani, gundi inaachia. Wa mti mtupu utakunywa unyevu wa masika na kubaki na mpindo hata bila ya uzi. Pima tena kwa mizani mvua zikishakatika. Ukivunjika ncha, fundi seremala mzuri wa Chake au wa Mjini anaweza kufanya jambo.

Wa kapi ni habari nyengine. Kubadilisha uzi au kebo kunataka presi ya kubana mikono, na kujaribu kwa nguvu za watu wawili ni kutafuta hospitali. Nyuzi hubadilishwa kila miaka miwili au mitatu hata kama hazijakatika. Chumvi inaingia kwenye ekseli za kapi, kwenye vibanio vidogo vya pembeni mwake na kwenye springi ya kitegemeo cha mshale. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji baridi (yasiyo ya chumvi), kausha, tone moja la mafuta kwenye ekseli, na mafuta yasiguse uzi. Siku upinde ukiwa sawa, chora mstari kwa kalamu pale kebo inapopita juu ya kila kapi. Mstari ukisogea milimita tatu, uzi umenyooka, kapi mbili hazifiki pamoja, na mishale itaanza kupanda na kushuka bila ya wewe kubadilisha kitu. Bolti za mikono zizungushwe sawa juu na chini, mzunguko kwa mzunguko, na usipite idadi iliyoandikwa na mtengenezaji.

Kwa hiyo rai yangu: kwa kuotea ndani ya maweni, na mtu aliye tayari kwa mwaka mzima wa mazoezi, upinde wa jadi wa inchi 60, ratili 40 hadi 45. Kwa anayepiga mwisho wa wiki tu, au anayekusudia kwenda kuwinda nyika za wazi bara, wa kapi wa ratili 50 hadi 55, mradi amejua nani ataubadilishia uzi kabla ya kuununua.

Na ukiuziwa wa kapi uliotumika, nenda na kipande cha pamba. Kwanza tazama kapi kama ukingo wake una pengo au umepinda, na uzi kama umetoa manyoya karibu na kapi. Kisha pitisha pamba taratibu kwenye kingo zote za mikono, juu na chini, ndani na nje. Ikinasa mahali, pana ufa. Mrudishie mwenyewe bila ya kuuvuta hata mara moja.